Nchi ikijitoa kwenye jumuiya, ujirani unakuwaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila viongozi wa Afrika Mashariki wanaporushiana maneno, kuna atakayeuliza: kwani tukitoka itakuwaje? Hapa yamekusanywa maswali yanayorudiwa sana. Mfano mkuu ni wa kwetu wenyewe, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 1977, maana matokeo yake tunaweza kwenda kuyaona kwa macho. Mifano ya Afrika Magharibi, Asia na Ulaya imeingizwa pale tu inapoongeza jambo.

## Mambo ya msingi

Kujitoa kwenye jumuiya ni kufanya nini hasa?

Kisheria ni nchi kusema kwamba mkataba uliokuwa unaifunga na wenzake haitaufuata tena. Basi. Lakini ndani ya mkataba mmoja huwa kumefungashwa mambo chungu nzima: ushuru wa forodha, vibali vya kuishi na kufanya kazi, mahakama ya pamoja, viwango vya ubora, safari za ndege, usimamizi wa ziwa. Ukiuchana mkataba, mambo yenyewe hayaondoki. Lori bado linataka kupita, mgonjwa bado anataka kuvuka kwenda hospitali iliyo karibu naye, na sangara wa Ziwa Victoria hana habari kaingia maji ya nani.

Kwa hiyo kila kilichokuwa kimemalizwa na mkataba mmoja kinarudi mezani peke yake, na unakijadili upya na jirani yule yule, safari hii akiwa amenuna. Majibu mengi yanayofuata yanatoka kwenye hoja hiyo.

Mwaka 1977 ni nchi gani iliyojitoa?

Hakuna barua moja ya talaka unayoweza kuinyooshea kidole. Mkataba ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, ukaanza kazi tarehe 1 Desemba mwaka huo, makao makuu yakiwa Arusha. Baada ya Idi Amin kumpindua Milton Obote wa Uganda Januari 1971, marais watatu hawakukutana tena kama Mamlaka ya Jumuiya, kwa sababu Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja. Chombo cha juu kikawa kimepooza miaka sita kabla ya kifo chenyewe.

Mashirika ya pamoja nayo yakaanza kunyimana fedha. Mapato yaliyokusanywa katika nchi moja yalibaki huko huko badala ya kupelekwa makao makuu ya shirika. Mwishoni mwa Januari 1977 shirika la ndege, East African Airways, likasimama. Mwanzoni mwa Februari Kenya ikarusha ndege zake kwa jina la Kenya Airways, na tarehe 4 Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Bajeti ya 1977/78 haikupitishwa, na ilipofika Julai hapakuwa na fedha wala wa kuzitafuta.

Ukimuuliza Mkenya wa rika lile atakwambia Tanzania ndiyo iliyofunga mlango. Mtanzania atakwambia Kenya ndiyo iliyokimbia na ndege. Wote wawili wana hoja, na ndiyo maana ubishi huo haujaisha mpaka leo.

Chanzo kilikuwa nini, Amin peke yake?

Amin alikuwa sababu, ila si ya kwanza. Kenya iliurithi ukoloni ikiwa na viwanda vingi kuliko wenzake, na Nairobi ilikuwa makao ya reli na ndege. Uganda na Tanzania zilikuwa zikilalamika tangu mwanzo kwamba soko la pamoja linaijaza Kenya. Mkataba wa 1967 ulijaribu kusawazisha: makao ya bandari yakaenda Dar es Salaam, ya posta na simu yakaenda Kampala, ikaundwa Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki iliyotakiwa kuzipa Tanzania na Uganda fungu kubwa zaidi, na nchi zilizokuwa nyuma zikaruhusiwa kutoza kodi maalumu kwa bidhaa za jirani aliyeendelea ili kulinda viwanda vyao vichanga.

Juu ya hayo kulikuwa na siasa. Azimio la Arusha, lililoielekeza Tanzania kwenye ujamaa, lilitangazwa Februari 1967, miezi minne tu kabla ya saini ya Kampala. Tanzania ikataifisha mabenki, Kenya ikakaribisha mitaji ya nje, na kejeli za "mtu kula mtu" na majibu yake zikawa chakula cha magazeti. Ugomvi huu ulikuwapo wakati Jumuiya ikiwa hai na uliendelea ilipokufa. Tukisema kujitoa kunaharibu ujirani tukumbuke hilo: mara nyingi ujirani huwa umeshaharibika, kujitoa ni hati tu ya kuthibitisha.

Je, siku hizi nchi inaweza kuamka asubuhi ikatangaza imetoka?

Kutangaza inaweza. Kutoka kwa mujibu wa sheria ni kazi. Ibara ya 145 ya Mkataba wa sasa wa Jumuiya iliyoundwa upya, uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, inataka mambo mawili: azimio la bunge la nchi husika linaloungwa mkono na angalau theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, na taarifa ya maandishi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu. Katika miezi hiyo nchi inabaki na wajibu wake wote, na inaweza kuifuta taarifa kabla muda haujaisha.

Ile miezi 12 ndiyo sehemu yenye busara. Mwaka 1977 hakukuwa na muda wa kupoa: watu walilala wakiwa na shirika la ndege la pamoja, wakaamka kila mmoja anatafuta rubani wake.

## Mipaka na watu wa kawaida

Nchi ikijitoa, mpaka hufungwa?

Si lazima. Kufunga mpaka ni uamuzi mwingine kabisa. Mwaka 1977 Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, na ukabaki hivyo mpaka Novemba 1983. Magari ya kampuni za utalii za Kenya yaliyokutwa upande wa Tanzania yalishikiliwa pamoja na ndege ndogo, na watalii wakahangaika kurudi Nairobi. Lakini Kenya na Uganda, zilizokuwa zimegombana vikali mwaka mmoja tu kabla, pale Amin alipodai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni yake, ziliendelea kupitisha mizigo. Uganda bila Mombasa inakaukiwa mafuta, na Mombasa bila Uganda inapoteza mteja. Jiografia ina sauti kubwa kuliko hotuba.

Afrika Magharibi imefanya kinyume cha tulivyofanya sisi. Mali, Burkina Faso na Niger zilitangaza tarehe 28 Januari 2024 kuwa zinatoka ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya Afrika Magharibi, zikatoka rasmi tarehe 29 Januari 2025 baada ya mwaka mmoja wa taarifa. Siku hiyo hiyo ECOWAS ilizitaka nchi zake ziendelee kuzitambua pasipoti na vitambulisho vyenye nembo yake vilivyo mikononi mwa raia wa nchi hizo tatu hadi itakapotangazwa vinginevyo. Nchi tatu nazo zilikuwa zimeshatangaza kwamba raia wa ECOWAS wataendelea kuingia bila viza. Serikali zilitukanana, ila muuza vitunguu wa Niger aliachwa apite. Kasoro ni mpaka wa Niger na Benin, uliofungwa kwa sababu ya mapinduzi ya Niger ya Julai 2023: Benin ilifungua upande wake, Niger ikagoma. Ugomvi ule haukusubiri mtu kujitoa.

Mpaka ukifunguliwa tena, mambo hurudi kama zamani?

Nenda kaangalie Bologonja. Ni lango lililo kaskazini kabisa mwa Hifadhi ya Serengeti. Ukilivuka unaingia Maasai Mara upande wa Sand River. Kabla ya 1977 mtalii alitua Nairobi, akazunguka Mara, akavuka hapo kuingia Serengeti, akateremka Ngorongoro, akarudi Nairobi kupitia Namanga. Mzunguko mmoja, gari moja, dereva mmoja.

Mpaka ulifunguliwa 1983. Bologonja haikufunguliwa kwa watalii, wala haijafunguliwa hadi leo. Anayetaka kutoka Mara kwenda Serengeti kwa gari anazunguka kupitia Isebania na Sirari, na gari la Kenya analiacha mpakani akapanda la Tanzania. Nyumbu wanavuka kila mwaka, wao hawaulizwi.

Hasira za 1977 peke yake haziwezi kuweka kufuli kwa muda wote huo. Tanzania ilitambua kwamba katika mzunguko ule wa zamani mtalii alikuwa analala, anakula na kulipia karibu kila kitu Nairobi, kisha anaiona Serengeti kama chumba cha nyongeza. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulikuwa umeshafunguliwa mwaka 1971. Lango lilipofungwa, wageni walilazimika kidogo kidogo kuianza safari Arusha, na Arusha ikajijenga juu ya jambo hilo: hoteli, gereji, madereva, waongozaji. Leo ukitaka kulifungua unawaomba watu hao wote wakubali kurudi nyuma. Watunza mazingira nao hawataki barabara yenye magari mengi katikati ya njia ya nyumbu. Uamuzi wa hasira hugeuka mkate wa watu, na hapo ndipo unapokuwa mgumu kuubadili.

Nimeoa, ninasoma au ninafanya kazi nchi ya jirani. Nitafukuzwa?

Uraia wako na ndoa yako havitoki kwenye mkataba wa jumuiya, kwa hiyo haviguswi moja kwa moja. Kinachoguswa ni urahisi. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza Julai 2010 ndiyo inayompa raia wa nchi mwanachama msingi wa kuingia, kukaa na kuomba kazi kwa masharti nafuu kuliko mgeni wa mbali. Ikiondoka, unahesabiwa kama mgeni mwingine yeyote mpaka nchi mbili ziandikiane mkataba wao.

Usichanganye na vitambulisho. Kenya, Uganda na Rwanda zimekubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti. Hayo ni makubaliano ya wachache ndani ya wengi, na kama yana saini yake pembeni yanaweza kuishi hata jumuiya ikiyumba.

Mwenye kibali cha kazi aweke nakala ya kila karatasi. Zinapobadilika taratibu, anayeteseka zaidi dirishani ni aliyeambiwa kwa mdomo.

Mfanyabiashara mdogo wa mpakani anapoteza nini?

Anapoteza kuliko mtu yeyote, na sauti yake ndiyo haisikiki. Chukua mama anayevusha vitunguu Namanga. Leo anagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja. Mzigo wake ukiwa hauzidi dola 2,000 za Marekani, anajaza cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani kuthibitisha kwamba vitunguu vimelimwa Afrika Mashariki, na ushuru wa forodha hatozwi. Bado atalipia ada nyingine na ukaguzi wa mazao, na bado kuna siku ataambiwa mtandao uko chini. Lakini njia ipo.

Nchi yake ikitoka, vitunguu vile vile vinakuwa bidhaa kutoka nje na vinakutana na ushuru wa pamoja ambao wanachama hutoza bidhaa za nje, na ambao kwa bidhaa nyingi zilizo tayari kwa mlaji ni asilimia 25, na kwa baadhi 35. Hapo atafanya walichofanya watu wa mpakani tangu mipaka ichorwe: njia za panya. Tazama swali la magendo hapo chini.

## Mali, madeni na pensheni

Mali za pamoja hugawanywaje?

Kwa miaka mingi na kwa msuluhishi. Mwaka 1977 kila nchi ilishika kilichokuwa kwenye ardhi yake. Vichwa vya treni vilivyolala Nairobi vikawa vya Kenya, meli zilizotia nanga Mwanza zikawa za Tanzania. Ndege kubwa aina ya Super VC10 hazikubaki na yeyote. Zilirudishwa Uingereza kwa waliokuwa wanadai. Vivuko viwili pacha vya kubeba mabehewa Ziwa Victoria vikatengana: MV Uhuru ikabaki Kenya, MV Umoja ikaenda Tanzania. Ukitaka kejeli ya historia, hiyo hapo. Uganda iliyobaki mikono mitupu iliagiza meli zake miaka ya 1980.

Kazi ya kukokotoa alipewa Victor Umbricht, mwanadiplomasia na mtu wa mabenki kutoka Uswisi. Alihangaika kati ya miji mikuu mitatu huku mmoja ukipinduliwa serikali mara kadhaa. Makubaliano yalitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984, karibu miaka saba baada ya mazishi: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kwa kuwa Uganda ilikuwa na mali kidogo mkononi kuliko fungu lake, ilistahili kulipwa fidia na wenzake.

Linganisha na Czechoslovakia. Wacheki na Waslovakia waliachana tarehe 1 Januari 1993 na mali nyingi wakazigawa mbili kwa moja kulingana na idadi ya watu, kwa sheria iliyoandikwa kabla ya kuachana. Leo ni majirani wanaopatana kuliko wengi. Kilichowasaidia ni mpangilio: walihesabu kwanza, wakatengana baadaye.

Pensheni za wafanyakazi wa jumuiya hulipwa na nani?

Makubaliano ya 1984 yalisema kila nchi itawalipa raia wake. Kwenye karatasi limekwisha. Kwa upande wa Tanzania, wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya, watu wa reli, bandari, posta na ndege, waliendelea kudai mahakamani na barabarani Dar es Salaam hadi miaka ya 2000. Walikuwa wazee waliobeba hati zilizopauka, wakibishana na Hazina juu ya viwango na riba. Wengi walifariki wakisubiri.

Hili ndilo ningependa kila anayepiga kelele za "tutoke" alijibu kwanza. Jumuiya ya zamani iliishi miaka kumi. Madai ya pensheni zake yameishi zaidi ya mara mbili ya umri huo.

Reli zilizounganisha nchi mbili huwaje?

Hukosa mwenyewe. Njia ya Voi kupitia Taveta hadi Kahe, iliyokuwa ikiiunganisha Moshi na Mombasa, ilipoteza treni zake za kuvuka mpaka, na nyasi zikafanya yake. Reli ya Uganda ilisalimika kwa sababu iliyotajwa kwenye swali la kufunga mpaka: mizigo ya Kampala haikuwa na njia nyingine ya maana.

Jumuiya ikifa, kila taasisi yake inakufa?

Hapana, na hii ni sehemu ya hadithi inayosahauliwa. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki yenye makao Kampala ilibaki. Nchi tatu ziliiandikia katiba mpya mwaka 1980, mpaka wa Kenya na Tanzania ukiwa bado umefungwa. Baraza la vyuo vikuu lilipona, na chuo cha urubani cha Soroti pia. Zilizopona zilikuwa taasisi ambazo hakuna nchi iliyoweza kuzibeba kuzipeleka kwake. Ndege inabebeka.

## Biashara na magendo

Nani huumia zaidi kiuchumi, anayetoka au anayebaki?

Huumia zaidi mwenye njia chache. Kenya ya 1977 ilipoteza soko la Tanzania na njia ya barabara ya kupeleka bidhaa zake Zambia, lakini ilikuwa na viwanda, utalii na bandari, ikajikongoja. Shirika lake la ndege likakua likawa miongoni mwa majina makubwa barani. Tanzania ilipata uhuru wa kupanga uchumi wake, ikapata Arusha kama ilivyoelezwa kwenye jibu la Bologonja, lakini ikaingia miaka ya 1980 na maduka matupu na shirika la ndege lililochechemea kwa miongo. Kuvunjika kwa Jumuiya hakukuleta maduka matupu peke yake. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na sera za ndani vilichangia zaidi. Ila jirani mwenye sabuni alikuwa ng'ambo ya mpaka uliofungwa.

Magendo huongezeka?

Huongezeka hakika. Katika mpaka wa Uganda na Kenya, hata Jumuiya ikiwa hai, kahawa ya Uganda ilikuwa ikivushwa usiku kupelekwa soko la Chepkube upande wa Kenya mwaka 1976, bei ya dunia ilipopanda na serikali ya Amin ikawa inawalipa wakulima kwa shilingi isiyonunua kitu. Upande wa Kilimanjaro, mpaka ulipofungwa, sabuni, mafuta ya kupikia na dawa ya meno kutoka Kenya vilipita Holili na Tarakea kwa migongo ya watu. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliendesha msako mkubwa dhidi ya wahujumu uchumi, na watu wakatupa bidhaa mitoni na porini ili wasikutwe nazo.

Mpaka uliofungwa haufungi biashara. Unaihamisha kutoka kwa mwenye leseni kwenda kwa mwenye ujasiri, na serikali inabaki bila ushuru.

Nchi inaweza kutoka umoja mmoja ikaendelea na mwingine wenye majirani wale wale?

Inaweza, na Tanzania ndiyo mfano. Ilijitoa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000, ikabaki SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, na Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki (EAC). Kenya na Uganda zilibaki COMESA. Ujirani haukutetereka sana, kwa sababu uhusiano wenyewe ulikuwa umehamia Arusha, na umoja wa forodha ukaanza Januari 2005. Usumbufu ulibaki kwa maofisa wa forodha: bidhaa moja, kanuni mbili za uasili. Soko huru la pande tatu, COMESA, EAC na SADC, lililosainiwa Misri mwaka 2015 na kuanza kutumika Julai 2024, limekusudiwa kupunguza vurugu hizo.

Mali, Burkina Faso na Niger nazo zimetoka ECOWAS bila kutoka UEMOA, umoja wa faranga ya CFA. Kwa hiyo Bamako na Dakar bado zinatumia fedha moja. Ukiacha nyumba usiache pochi, wanaonekana kusema.

## Usalama na diplomasia

Kujitoa kunaweza kuleta vita?

Peke yake, hapana. Vita vya Kagera, vilivyoanza Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalipoingia Tanzania na kumwangusha Aprili 1979, vilitokana na Amin na hali ya jeshi lake. Hata hivyo, wakati vinaanza hapakuwa na meza yoyote ya Afrika Mashariki ambapo pande mbili zingekaa. Sidhani meza hiyo ingemzuia Amin. Ingeweza kuwapa wengine mahali pa kumshinikiza.

Basi kubaki ndani kunazuia ugomvi?

Hapana, na hapa wapenzi wa jumuiya hujidanganya. Rwanda na Uganda, wote wanachama, walikaa na mpaka wa Gatuna umefungwa tangu Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022, ikakaribisha kikosi cha Jumuiya mashariki mwa nchi mwezi Novemba, na kufikia Desemba 2023 ilikuwa imekiondoa kwa madai kwamba hakikupambana na waasi wa M23. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuzuia wageni kufanya biashara kadhaa ndogo ndogo, na Kenya ikalalamika kwamba raia wa Jumuiya hawapaswi kuhesabiwa wageni.

Tofauti ni kwamba ndani ya jumuiya malalamiko yana anwani: kuna mahakama Arusha, kuna Baraza la Mawaziri, kuna ibara ya kunukuu. Nje yake kuna simu ya rais kwa rais, na marais wasipopokeana simu hakuna kitu.

## Maswali ya pembeni

Waliotengana kwa amani, kama Singapore na Malaysia, hawakuwa na shida?

Walikuwa nazo, ila walizilipia polepole. Singapore ilitoka Malaysia tarehe 9 Agosti 1965. Shirika la ndege waliendelea kulimiliki pamoja hadi 1972. Maji ya kunywa Singapore inayachota mto Johor, ndani ya Malaysia, kwa mkataba wa 1962 utakaofika 2061, na bei yake imekuwa sababu ya kununiana mara nyingi. Reli ya Malaysia iliendelea kumiliki ardhi ndani ya Singapore hadi suala hilo lilipomalizwa, na treni zikaacha kufika kituo cha Tanjong Pagar Julai 2011. Miaka 46 baada ya kuachana!

Na Uingereza na Ireland?

Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020. Tatizo lilikuwa mpaka wa nchi kavu wa kilomita karibu 500 kati ya Ireland Kaskazini na Jamhuri ya Ireland, ambao makubaliano ya amani ya 1998 yaliujenga uwe wazi. Hakuna aliyethubutu kuurudishia vizuizi, kwa hiyo ukaguzi wa bidhaa ulihamishiwa bandarini, kati ya Uingereza yenyewe na jimbo lake. Chama cha DUP, cha wanaotaka Ireland Kaskazini ibaki Uingereza, kilikasirika kikaikwamisha serikali ya Belfast tangu Februari 2022 hadi Februari 2024. Watu wa nchi hizo mbili wanaendelea kuishi na kufanya kazi kila upande kwa mpango wao wa zamani wa wawili, ulioutangulia Umoja wa Ulaya.

Zanzibar na Tanganyika je, ni jambo moja na haya?

Si moja. Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 ulizaa nchi moja yenye uraia mmoja na jeshi moja. Suala lake ni la katiba ya ndani, na Ibara ya 145 iliyotajwa juu haihusiki nalo. Atakayechanganya haya mawili kwenye mjadala atajipotezea muda.

Nchi iliyotoka inaweza kurudi?

Ndiyo, na hurudi kwa mwendo wa kobe. Mauritania ilitoka ECOWAS mwaka 2000. Mwaka 2017 ilitia saini makubaliano ya ushirika bila kuwa mwanachama kamili. Rwanda iliwahi kutoka ECCAS, jumuiya ya Afrika ya Kati, mwaka 2007, ikarejea miaka kadhaa baadaye, kisha Juni 2025 ikatangaza kutoka tena, ikilalamika kwamba Kongo inaitumia jumuiya hiyo dhidi yake.

Sisi wenyewe, makubaliano yale yale ya 1984 ya kugawana vyombo yaliacha kifungu cha kutafuta maeneo mapya ya kushirikiana. Kikalala. Novemba 1993 marais watatu walisaini makubaliano ya ushirikiano, sekretarieti ikafunguliwa Arusha Machi 1996, mkataba ukasainiwa 1999 na kuanza Julai 2000. Miaka 23 tangu kuvunjika, mji ule ule, na sehemu kubwa ya ajenda ile ile. Bologonja haikuwamo.